Mgeni Niliyemfanya Ndugu

Mwaka wa 1955 nilikuwa mwanafunzi wa udaktari Makerere, mwaka wa nne, na kichwa changu kilikuwa kimevimba kuliko ugonjwa wowote niliosomea. Ulipokuja mpango wa kuwaunganisha wanafunzi wetu na wale wa Uskoti, wawili wawili, wakae pamoja vijijini, wawasikilize wagonjwa pamoja na waandike ripoti moja, nani achaguliwe kama si mimi? Nikapewa Malcolm, kijana mrefu, mpole, mwenye masikio mekundu. Nikaandika barua nyumbani Nyaramba: "Nakuja na daktari Mzungu." Daktari wapi! Sote wawili tulikuwa bado wanafunzi, lakini barua ya nyumbani haisahihishwi na mwalimu.

Tulipofika, watu walikuwa wamejaa uani. Baba yangu alikwisha kufariki, kwa hiyo baba mdogo, mzee Nyasani, ndiye aliyechinja mbuzi. Nami nikasimama na tai yangu shingoni katika jua lile, nikahutubu. Chuoni tuliambiwa tuwe wenzi walio sawa. Mimi nikaona usawa hautoshi.

"Huyu si mgeni!" nikatangaza. "Huyu ni ndugu yangu. Tangu leo mama yangu ni mama yake!"

Vigelegele vikapigwa. Nyasani akamshika Malcolm mkono na kumwita mwanangu. Mama yangu, Bochaberi, akamkatia obokima, ule ugali wetu wa wimbi, akampa mwenyewe. Nilimwona akimpa kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo asingelifanya hata kwa mtoto mdogo, tena uso umemshuka. Nikadhani furaha imemzidi. Ndiyo macho ya daktari hayo.

Asubuhi yake Drusilla alinikuta kisimani. Alikuwa mkunga aliyefunzwa na wamisheni, tena mke wa binamu yangu, na kwetu shemeji ana ruhusa ya kukuambia lolote.

"Ratemo, wewe umesoma ukapitiliza," akasema. "Mama yako ana uvimbe kwenye titi tangu mavuno. Hata mkono wa kulia hauinui sawasawa."

"Mbona hakwenda hospitali?"

"Hataki. Anasema wanaoingia kule hawatoki. Alikuwa akimngoja Mzungu wako. Mtu baki, ampime, aseme ni kitu gani, kisha aende zake kwao na aibu ile. Wewe ukasimama mbele ya watu ukamfanya mwanawe!"

Nilitamani ardhi inimeze, mimi na tai yangu. Kwetu mwana aliyetahiriwa hauoni mwili wa mama yake, wala mambo ya mwili huo hayatajwi mbele yake. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima ya mzazi na mtoto. Mimi nilikuwa nimefungwa nayo tangu utotoni. Sasa nilikuwa nimemfunga Malcolm naye pia. Na somo la maradhi ya titi, jamani, nililipita kwa alama tisini.

Nikaamua kuuvunja undugu. Nilimfundisha Malcolm la kujibu bila kumwambia sababu, na alasiri, mbele ya Nyasani na mama, nikaanza kumfokea: amekalia kigoda changu, amekula paja langu la mbuzi, si ndugu yangu tena! Maskini Malcolm akajibu kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Ndiyo. Mimi ni mtu baki."

Mama akaweka ungo chini. "Ndugu hugombana," akasema. "Huyu ameshakula mkononi mwangu. Mtoto harudishwi." Akaingia jikoni.

Ikabidi nimweleze Malcolm ukweli, nikitazama viatu vyangu. Masikio yake yakageuka meupe. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa jiko, akapiga magoti kwenye majivu.

"Mwambie," akaniambia kwa Kiingereza, "mama yangu mzazi alikuwa na uvimbe wa titi kama wake. Aliuficha kwa aibu. Nilikuwa na miaka kumi na sita tulipomzika. Mwambie siwezi kuzika mama wa pili."

Mama alikuwa akinitazama, anangoja. Nikageuka, nikaukabili ukuta wa udongo, nikatafsiri kwa Kikisii neno kwa neno, na titi nikalitaja. Nililia, sikatai. Drusilla alikuwa amesimama mlangoni nyuma yetu.

Mama akasema, "Drusilla, nitafutie leso yangu. Kesho tunakwenda hospitali, Kisii mjini. Lakini hawa wasivuke mlango wa wodi."

Basi madaktari wawili wa kesho tulishinda kwenye nyasi nje ya hospitali siku tisa, tumekumbatia kikapu cha ndizi, na mfagiaji akitufukuza kila tulipochungulia dirishani. Uvimbe ulitolewa. Daktari, mtu ambaye mama hakumjua kabisa, alisema umewahiwa.

Siku aliyotoka tulimkimbilia wote wawili kwa maswali. Homa je? Kidonda je? Mkono unainuka?

"Hayo mambo ya wakubwa," mama akasema. Kisha akainua mkono wa kulia, polepole, akampangusa Malcolm majivu ambayo hayakuwapo tena. "Nilikuwa nangoja daktari mmoja, nimepata watoto wawili. Haya, bebeni kikapu."

Nikashika upande mmoja, Malcolm akashika wa pili.