Waliaji wa Kukodi

Nilipewa kuigiza maiti, na msinicheke, si kazi rahisi. Pua inawasha, nzi anatembea juu ya shuka, na wewe huruhusiwi hata kumeza mate. Eti mimi ndiye Kwinto, askari wa Roma, naletwa kwa mama yangu pazia likifunguka tu. Mwalimu Absalom, Mkenya wa chuo kikuu, ndiye aliyeutunga mchezo huo, na ukumbi wetu huku ugenini, pale South Beach, ulijaa Wakongomani hadi mlangoni.

Mama yangu wa mchezo alikuwa Maman Laurette wa saluni. Mwanawe Cédric, rafiki yangu, alirudi Goma kumzika babu yake, na tangu mwaka juzi simu yake haiiti. Kwetu mtu aliyepotea haliliwi. Ukimlilia, umemzika. Kwa hiyo Maman Laurette hajawahi kumwaga hata chozi, na ole wake atakayesema "marehemu" mbele yake. Kila Jumapili anafua mashati ya Cédric na kuyapiga pasi.

"Mwalimu, mimi kulia siwezi," alimwambia Absalom siku ya kwanza.

"Hutalia, mama. Kule Roma wakubwa walikodi wanawake wa kulia badala yao."

Eish, hapo ndipo tulipojimaliza! Waliaji wenyewe walikuwa Maman Godelive na wenzake wa kwaya, watu waliokulia kwenye matanga. Pazia likafunguka, nikabebwa, nikalazwa. Maman Laurette akasimama wima, kimya, mkubwa wa Roma kweli kweli. Godelive akaanza pole pole, "Kwinto, Kwinto wee." Halafu sauti ikampanda. Kwao Godelive maiti huitwa kwa jina la mama yake, ndivyo alivyozoea tangu utoto, na ulimi ukajiendea wenyewe.

"Mwana wa Laurette! Mwana wa Laurette, umetuacha!"

Wenzake wa kwaya wakakatiza kilio.

"Godelive," nikasikia Maman Laurette akiita, na haikuwa tena sauti ya mchezo. "Mmepata habari?"

"Hapana, dada! Nisamehe, ni mdomo tu!"

"Mnanificha?"

"Habari haiko, naapa mbele ya Mungu!"

Wala hakumsikia. Akaja mbio, akanivuta shuka usoni. Yesu wangu, yale macho! Nilitamani sakafu inimeze.

"Ni wewe tu, Blaise," akasema.

Akavua viatu. Akavua wigi, akaketi chini, akalia kwa mara ya kwanza, akimwita Cédric. Godelive akajifunga kitenge kiunoni, akaketi karibu naye. Wanawake wakaanza kushuka kwenye viti, mmoja mmoja, miguu mitupu, wakaja kukaa sakafuni.

Absalom akanifanyia ishara niondoke pale, watu watulie. Huyu mtu ana akili kweli? Nikajifunika shuka tena, nikalala kimya, maana mwili mwingine hatukuwa nao.