Ubao wa Saba

Mimi nilikuwa sijawahi kushikwa. Tangu siku nilipomwekea mwalimu wa hesabu panya wa plastiki kwenye mfuko wa koti hadi msimu huu ninaousimulia, hakuna aliyeninyooshea kidole akapata shabaha. Mama husema nilizaliwa na uso wa mtu aliyetoka kusali sasa hivi. Uso huo ndio ulionivusha msimu mzima wa soka la ndani pale Toledo, na ndio niliouvaa Jumapili ile nilipobisha mlango wa Lonnie Pruitt, sufuria ya kuku wa paprika mikononi.

Lakini nianze na ubao.

Uwanja wetu ulikuwa wa barafu. Sisi tulikuwa wapangaji tu: wachezaji wa mpira wa magongo wakishaondoka, mafundi walitandaza zulia la kijani juu ya barafu ileile, nasi tukacheza juu yake, sita kwa sita, tumezungukwa na ukuta wa mbao uliotufikia kifuani, wenye kioo juu yake. Mpira ukigonga ukuta unarudi na mchezo unaendelea. Baridi ilipanda kupitia zulia kama pumzi ya mtu aliyejificha chini ya kitanda chako.

Novemba nilikuwa mtu wa benchi, na benchi lenyewe lilishaanza kunichoka. "Gabe," Kocha Brannigan aliniambia, "unachekesha vizuri sana. Shida ni kwamba mimi sikusajili mchekeshaji." Akanipa hadi Krismasi.

Muda wangu mwingi uwanjani niliumalizia kwenye kizimba cha adhabu, dakika mbili kwa kila mzaha uliomchoma refa. Mlango wa kizimba ulilindwa na Bibi Dot, mpishi mstaafu wa shule, na mfuko wake wa nyuzi mapajani.

"Umemwambia nini tena, mwanangu?"

"Nimemuuliza tu kama kipenga kinamsaidia kuona."

"Kaa hapo. Na usinikanyagie uzi."

Ni humo kizimbani, nikiwa sina la kufanya ila kusikiliza, nilipoutambua ubao wa saba, kushoto kwa goli la kaskazini. Mbao nyingine zilijibu *twa!* na mpira ukaruka. Huu ulisema *dup*, kama mlango unaofungwa chumba cha mbali, na mpira ukadondoka papo hapo, maiti. Boliti zake zilikuwa zimelegea. Nikaanza kuupiga mpira pale kwa makusudi. Beki wa wageni alikimbilia mahali mpira ungerudi, mpira haukurudi, na Lonnie alikuwa ameshausimamia chini ya ukuta. Anageuka, anafunga.

Lonnie alikuwa na miaka thelathini na mbili. Mchana alitengeneza mabasi ya shule. Jioni alitufungia magoli. Goti lake la kulia lilishapasuliwa mara mbili, na mkewe alishaapiwa kwamba huu ndio msimu wa mwisho. Kombe hakuwahi kulishika hata la kuazima.

"Dogo," aliniambia akifunga bandeji, "nipe mipira ya namna hiyo mpaka Aprili. Baada ya hapo goti hili nalistaafisha, nitembee nalo taratibu hadi uzeeni."

Krismasi ikapita nami nimo. Kisha, Januari, mafundi wakauona ubao wakaukaza. Ijumaa ile mpira ukasema *twa*, tukafungwa, na kabla ya robo ya pili nilikuwa nimesharudishwa benchi. Kocha hakunitazama. Ijumaa iliyofuata nikafika saa tisa alasiri, kabla ya wote, na spana ya baba ndani ya soksi.

Boliti zilikuwa nne, upande wa nyuma wa ukuta, kwenye ujia mwembamba unaonuka matairi ya magari na maji ya barafu. Nikalegeza mbili za chini, mizunguko mitatu ya kushoto kila moja. Jioni: *dup*. Tukashinda.

Ikawa ada. Jumatatu mafundi wanakaza, Ijumaa mimi nalegeza. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Nikahesabu mechi zetu za nyumbani zilizobaki: sita. Nikacheka peke yangu mle ujiani.

Sasa nikikumbuka, hakuna kitu ambacho hakikuniambia. Lonnie alijizulia desturi: kila akifunga, anakimbilia ubao wa saba, anaupiga kwa viganja viwili na kuuegemeza paji la uso, na mashabiki wanaunguruma. Kila alipouegemea, ubao uliyumba. Kidogo tu, kama jino la mtoto. Wojcik, kipa wetu, ndiye aliyekuwa jirani wa ubao huo kila tulipobadilishana magoli.

"Ubao ule unapumua," alisema siku moja bafuni.

"Labda umekupenda."

"Cheka tu, Gabe. Wewe hulali nao mlango kwa mlango. Mchezo ukiwa upande wa pili nausikia. Kama mtu anayesubiri zamu yake."

Tulimzomea hadi akavaa viatu akaondoka. Machi ilipoingia, matundu yalikuwa yamelika kiasi kwamba boliti zilizunguka kwa vidole. Spana niliibeba kwa heshima tu.

Nusu fainali ilikuwa Ijumaa ya pili ya Aprili. Wageni walikuwa wajanja, na mimi nilitaka uhakika. Nikalegeza zote nne.

Robo ya tatu, tukiwa sare, niliupiga mpira pale. *Dup*. Lonnie akaufikia, beki akamsukuma kwa bega. Si rafu hiyo. Kwetu watu husukumwa ukutani jioni nzima, na ukuta huwapokea. Ule haukumpokea. Ulifunguka chini kama mlango, mguu wake wa kulia ukaingia hadi gotini, kisha uzito wote wa mbao na kioo ukarudi mahali pake. Haukusema *twa*, wala *dup*. Pale zulia lilipochanika nikaiona barafu, nyeupe, tulivu, kana kwamba ilikuwa ikitutazama kutoka chini msimu mzima.

Jumatatu meneja wa uwanja alituuliza mmoja mmoja. Nikamvalia uso wangu wa sala. Lawama ikawashukia mafundi wawili, nao wakaambiwa wasirudi.

Na Jumapili, kuku wa paprika. Mkewe Lonnie alinipokea sufuria, akanishukuru, akaniita mwema. Lonnie alikuwa kwenye kochi, mguu umezungushiwa vyuma na kunyooshwa juu ya mto. Kando yake alikaa Bibi Dot, anamfumia blanketi la mguu. Nilifurahi kumwona, palipo na watu wawili mzaha hupata pa kukaa.

"Kaka, sasa wewe ndiye basi bovu," nikasema. "Tukutafutie spea?"

Alitabasamu nusu.

"Vyuma vya ukuta ule ni vya zamani," nikaendelea. "Na wale mafundi hawakazi kitu."

"Nakaza boliti tangu nina miaka kumi na saba, dogo." Alikuwa akitazama goti, si mimi. "Moja hulegea. Mbili, pengine. Nne hazilegei pamoja."

"Na si kwamba hakukuwa na wa kuuangalia ukuta!" Bibi Dot alidakia, sindano zikiendelea. "Msione anacheka-cheka huyu. Kila Ijumaa nikipita na kahawa yangu namkuta kule nyuma, kapiga magoti, spana mkononi. Nikajisemea, haya, wanamwita mpuuzi, kumbe ndiye anayewakazia wenzake ukuta. Hata sikumwita, nisimwaibishe."

Sijui uso wangu ulikuwa wapi dakika ile. Niliutafuta, sikuupata. Jikoni mkewe alikuwa akifunua sufuria.

Lonnie aliinua macho, akayatua kwa bibi, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.

"Bibi Dot. Mkono wake ulikuwa unazunguka upande gani?"

"Ngoja nikumbuke. Mimi nilikuwa nyuma yake, kama hivi." Akaweka sindano chini. Akafumba macho, akaunyoosha mkono mbele kana kwamba umeshika kitu kizito, akauzungusha taratibu kuelekea kushoto. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu.