Risasi Zilizopozwa Mkononi

Mpimaji alifuta sahani ya mizani kwa kitambaa cha pamba, akaweka risasi moja juu yake kwa kibano, akangoja mshale utulie. Ukatulia pale pale ulipotulia jana na juzi. Akaichukua, akaizungusha mbele ya taa aone kama ina mkwaruzo, kisha akaisimamisha kwenye kasha lenye vishimo, ncha juu. Nyuma ya ukuta, katika chumba cha kalibu za kumiminia risasi, mumewe, fundi wa karakana, alikuwa anakohoa kidogo na kuimba kidogo, na katikati ya hayo mawili alikuwa anapoza risasi nyingine.

Karakana yenyewe ilikuwa ndogo, geti limebanduka rangi, kibao hakuna. Lakini hakuna mwindaji wa maana asiyeijua njia ya kufika pale. Risasi zake zilikwenda kwa mnyama kama mtoto aliyetumwa na mama yake, bila kupitia kwa mtu. Viwanda vikubwa vilipoza risasi zao kwenye maji, pipa kwa pipa. Hapa mwanzilishi, marehemu baba yake bosi, aliacha agizo moja: risasi ikitoka kalibuni, ikishapungua moto kiasi cha kushikika, fundi aifumbate katika kiganja cha kulia mpaka moto wake na wa kiganja uwe mmoja. Ndipo aiachie.

Bosi aliwahi kuajiri mafundi wengine wa kusaidia. Walifumbata kama walivyoelekezwa, wakaangalia saa, wakakuna shingo kwa mkono wa pili, na risasi zao zikawa risasi tu. Kwa hiyo mzigo wote ulitoka katika mkono mmoja wa kulia, na mkono mmoja hauna miujiza. Oda zilirundikana. Wawindaji walikuja kukaa getini na viti vyao vya kukunja. Mmoja alileta posa kwa binti wa fundi, ili awe mkwe wa nyumba na kupewa nafasi ya mbele. Fundi alimweleza kwa upole kwamba hana binti.

Kupungua kwa fundi kulianza kuonekana kwenye matope. Msimu wa mvua alivuka uani na kuingia ndani na viatu safi, na mkewe akamsifu kwamba hatimaye amejifunza kufuta miguu mlangoni. Alipotazama nje hakuona hata unyayo mmoja. Baadaye paka, aliyekuwa halali ila kwenye mapaja ya fundi, alihamia kwa mpimaji, maana hakupenda paja linaloyumba. Kisha alasiri moja upepo ulimchukua fundi kutoka getini ukamtundika kwa shati kwenye uzio wa jirani. Alingoja pale bila kero, akisalimiana na wapita njia, mpaka mkewe alipokuja na stuli.

Si kwamba alikonda. Tumbo lilikuwa lile lile na suruali zile zile zilimtosha. Muuguzi wa zahanati alimpandisha kwenye mizani, akaigonga kwa kidole, akamhamishia kwenye mizani nyingine, akaandika alichokiona.

"Ale vizuri," alisema.

"Anakula kunishinda mimi," alisema mkewe.

"Basi aongeze maji."

Mpimaji aliijua sababu, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Ni yeye aliyepima madini yakiingia kwa mumewe na ni yeye aliyepima risasi zikitoka. Siku zote risasi ilikuwa nzito kidogo kuliko madini yaliyomiminwa kalibuni, kidogo sana, na siku zote alidhani ni tabia ya mizani. Sasa aliunganisha mambo: kilichozidi kwenye risasi kilitoka kwa mumewe. Hasira haikuja. Alichosikia ni woga tu, woga wa mtu mwenye mume mmoja.

Alikwenda kwa bosi. Bosi hakuwa mtu mbaya. Alisimama mpimaji alipoingia, kama alivyozoea, akamvutia kiti.

"Najua, shemeji," alisema kabla hajaambiwa lolote. "Mzee wangu naye alikwenda hivyo hivyo. Alifungua dirisha asubuhi, kaupepo kakapita. Tulimwona mpaka juu ya tangi la maji, kisha hatukumwona."

"Na hukutuambia?"

"Nilidhani ni ya ukoo wetu peke yetu."

Akainama chini ya meza, akatoa viatu vipya vyenye soli nene ya madini yale yale ya kutengenezea risasi. Alikuwa amemshonea kaka yake, ndivyo alivyomwita fundi, kwa mikono yake mwenyewe, usiku kwa usiku. Mpimaji aliona sindano ilivyomchoma vidoleni, akashindwa kumchukia. Lakini alipouliza habari ya kupunguza oda, bosi alishika kichwa. "Wananikaba getini pale, shemeji. Nikifunga chumba cha kalibu leo, kesho sote tunakula nini? Na yeye atakula nini?"

Viatu vilisaidia kwa muda. Miguu ya fundi ilibaki chini, na sehemu iliyobaki ilielea juu yake, ikipepesuka kila mlango ulipofunguliwa. Kazini alijifunga mkanda kwenye mguu wa meza. Nyumbani mkewe alimfunga kiunoni kwa kamba ya kuanikia nguo, fundo la kulegea lisimuumize, wakala chakula na kuzungumza habari za majirani kama siku zote. Watu wa nje wangesema mambo yake si haba. Ila mpimaji alikuwa amezoea mkono wa mumewe begani kwake, mkono mzito, wa mtu aliyechoka. Sasa mkono ulipowekwa alilazimika kugeuka na kutazama ili ajue kama upo. Aliukosa sana. Alimwambia hivyo, na fundi akasema naye anaukosa.

Basi siku moja mpimaji aliikataa risasi moja iliyopata mkwaruzo, jambo la nadra, akaitia kwenye mfuko wa aproni ili irudishwe kuyeyushwa, akapitiwa. Jioni alipopita karibu na mumewe kuwasha taa, visigino vya fundi vilishuka vikagusa sakafu. Alipokwenda jikoni, vikapanda. Aliporudi, vikashuka. Akatia mkono mfukoni, akaitoa, akaiweka dirishani, kisha akaitia kwenye mfuko wa shati la mumewe.

"Kumbe haujapotea," alisema.

"Nini?"

"Uzito wako. Uko huko huko ulikokwenda. Ukiwa nao karibu, unakushika."

Fundi alifikiri. "Basi uko maporini," alisema, "ndani ya nguruwe." Wakajihurumia wao, wakawahurumia na nguruwe.

Bosi alipoambiwa, aliwaachia risasi ile kwa moyo mweupe. Aliomba tu zisikwaruzike nyingine, maana getini pamejaa.

Miongoni mwa waliojaa getini alikuwamo daktari wa meno mstaafu, mpole kuliko wote. Hakupiga honi wala hakumwita mtu kwa kidole. Mpimaji alimkuta kwenye kiti chake cha kukunja, akasimama mbele yake na ndoo ya maji mkononi.

"Daktari, shikamoo. Naomba kukuuliza. Zile risasi ulizochukua kwetu miaka yote hii, zimepiga wanyama gani?"

"Marahaba, mama." Daktari akacheka kwa haya. "Nani atapiga nguruwe kwa kitu kile? Nikienda porini nachukua za kiwandani, zile za kwenye kopo. Zenu ni za kuweka."

"Na wenzako hawa?"

"Vile vile. Ukiitumia moja, utaipata wapi nyingine? Hazipatikani." Alisema hivyo kwa fahari kidogo, kama anayemsifu mpimaji usoni.

Mpimaji aliweka ndoo chini. Mume wake alikuwa mjini. Alikuwa amesambaa katika nyumba za watu, kwenye makabati, katika vyumba vilivyofagiliwa vizuri, huku yeye akimfunga kwa kamba ya nguo. Jambo la kwanza lililomjia ni furaha. Akamweleza daktari yote, tangu matope mpaka mfuko wa aproni, na daktari akasikiliza bila kushtuka, maana mtu aliyekaa miaka mingi mbele ya midomo iliyo wazi ameshasikia mengi.

"Pole sana, mama," alisema. "Mlete Jumapili."

Jumapili walikwenda kwa miguu. Mpimaji alimshika mumewe kifundo cha mkono, kwa nguvu, na watu waliowapita walitabasamu wakidhani ni mapenzi ya uzeeni. Hawakukosea. Nyumba ya daktari ilikuwa ya sakafu ya mbao iliyopigwa nta. Kabati la risasi lilikuwa katika chumba cha kulia chakula, lenye milango ya kioo na taa ndogo ndani, na risasi zimesimama juu ya mahameli ya kijani, safu nyuma ya safu. Mpimaji alizitambua zote. Hakuna iliyokuwa na mkwaruzo.

Mlangoni visigino vya fundi vilishuka. Mezani alivua viatu vya bosi, akaviweka kando. Alipofika mbele ya kabati ubao ukalia chini ya unyayo wake, naye akacheka kwa sauti, akarudi nyuma hatua moja, akaukanyaga tena ubao ule ule. Ukalia tena. Mpimaji aliziba mdomo kwa mkono. Alikuwa amesahau kwamba mumewe ana kishindo.

"Kumbe ni mtu mzito," alisema daktari kwa heshima.

"Nilikuwa," alisema fundi.

Mpimaji alipiga moyo konde. "Daktari, turudishie. Hata nusu. Za wenzako tutajua namna ya kuwaendea."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Machozi yalikuwa yamemlenga, na yalikuwa ya kweli. "Mama, nikitoa nusu, nitabaki na nini? Nilianza kuziweka mke wangu alipofariki. Jioni nawasha taa ile ndogo, nazitazama, naweza kukaa ndani ya nyumba hii. Bila hizo sijui ningekuwa wapi." Akavaa miwani. "Lakini mlango huu ni wenu. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana mje, akae hapa mpaka wageni wangu wafike. Hilo siwanyimi."

Kisha wazo jema likamjia, na uso wake ukakunjuka. "Tena tazama. Pale mezani bado alikuwa anayumba. Ni kwa sababu humu ni chache. Zikiongezeka, atasimama vizuri zaidi. Akinitengenezea kasha jingine, moja tu, ataweza hata kufika sebuleni, akae kama mtu."

Alisema kwa moyo safi. Mpimaji alimtazama sana akitafuta hila, asiione.

Fundi alikuwa anatazama nyayo zake sakafuni. "Ni kweli," alisema. "Mke wangu, ni kweli anavyosema."

"Kweli gani? Kasha hilo litatoka wapi kama si kwako? Ukilimaliza, ukitoka mlango huu, nje utakuwa na nini?"

"Nje nina wewe," alisema fundi. "Unanishika vizuri."

Mpimaji alikuwa na jibu, tena kali, na lilikuwa jibu la haki. Mikono miwili itamshika mpaka lini? Mtu gani huchotwa siku sita ili asimame siku ya saba nyumbani kwa mwingine? Lakini mumewe alikuwa amesimama mbele yake bila kamba, amenyoosha mgongo, mashavu yameshuka yalipostahili kushuka, na alikuwa anaonekana mwenye raha. Alikasirika, akampenda, yote mawili kwa pamoja. Jibu akaliacha, akamnyooshea kola ya shati.

Daktari alitaka kuwafanyia wema. Akaomba msaada wa mpimaji, wakasukuma kochi kutoka sebuleni, wakalipitisha mlangoni kwa shida, wakalisogeza mpaka likagusa kabati. "Kaeni, kaeni," alisema, akaondoka kwenda jikoni.

Fundi aliketi. Kochi likabonyea upande wake, na mpimaji, aliyekuwa ameketi mwisho kabisa kwa hasira, akateleza taratibu bila kutaka mpaka bega lake likagonga la mumewe. Hakusogea. Fundi akamwekea mkono begani, na safari hii mpimaji hakuhitaji kugeuka kutazama. Baada ya kitambo kichwa cha fundi kiliinama, kikamlalia shingoni, na akaanza kukoroma. Kilikuwa kichwa kizito. Kilimbana mshipa, mkono wake mzima ukafa ganzi, naye akakaa vile vile.

Daktari alirudi kwa kunyata, akasimama karibu na kabati, akachungulia saa ya ukutani. Akainama, akauliza kwa sauti ya chini kama kasha jipya linaweza kuwa tayari mwezi ujao.

"Litakuwa tayari," alisema mpimaji, kwa sauti ya chini vilevile, asimwamshe.