Fundi Cherehani na Fimbo ya Marehemu

Jina halisi la fundi cherehani lilibaki kwenye kitambulisho tu. Bwawani walimwita Chubwi, kwa sababu kila alipotoka kuvua kwa kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha watu wawili, kitu chake kimoja kilisema chubwi na hakikuonekana tena. Koleo la kuchomolea ndoana lilikwenda. Kisu kikafuata. Miwani ya jua ilikwenda siku alipoinama kutafuta kisu.

Kayaki yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya mama mkwe, muuguzi mstaafu, pamoja na fimbo ya kuvulia aliyoachiwa na marehemu mumewe. Sasa mama alikuwa anahamia kwa binti yake mkubwa, kwenye mji usio na hata dimbwi la kuoshea miguu, na vitu hivyo vilihitaji mtu wa kuachiwa. Shemeji dereva, kaka wa mke wa Chubwi, alivitaka. Chubwi alivitaka zaidi, ila hakuwa na uso wa kuviomba.

"Ukimpa huyu, mama," shemeji alisema sebuleni, Chubwi mwenyewe akiwa palepale na kikombe chake cha chai, "mpe na mpiga mbizi wa kumfuata nyuma."

Watu wakacheka. Mke wa Chubwi naye alicheka, halafu akajikohoza, akaisingizia chai.

Mama hakucheka. "Jumamosi tutatoka mimi na yeye. Nitajionea mwenyewe."

Wiki nzima sketi za wateja zilingoja. Dukani kwa Chubwi mkasi haukuwahi kupotea, kwa kuwa aliufunga kiunoni kwa lastiki: akishakata anauachia, nao unarudi ubavuni mwake kama mbuzi aliyeliona zizi. Basi akajishonea mkanda mpana, akaning'iniza kila kitu kwa lastiki ileile ya viuno vya sketi: koleo jipya, kisu, mkasi, kiboksi cha ndoana, chupa ya maji, na mwisho kabisa ile fimbo.

Jumamosi asubuhi mama alimtazama toka juu mpaka chini.

"Mwanangu, tunakwenda kuvua au kutembeza biashara?"

"Leo hakidondoki kitu, mama."

"Vitu hivyo hufungwa kwenye chombo. Pete za kufungia hizi hapa. Havifungwi kwenye mtu."

"Mkasi wangu haujapotea hata siku moja, mama."

"Haya," alisema mama, ile haya ya muuguzi aliyemwona mgonjwa akikataa sindano. Akakaa mbele, Chubwi akakaa nyuma, wakaingia majini.

Bwawa lilikuwa limetulia kama shuka lililopigwa pasi. Walipiga kasia taratibu mpaka kwenye matete, wakatupa mishipi. Koleo likamponyoka Chubwi, likachungulia maji, likarudi. Akakohoa kidogo ili mama ageuke aone. Kiboksi nacho kikateleza, kikarudi.

"Nimeona," mama alisema bila kugeuka.

Moyo wa Chubwi ukapoa. Akailaza fimbo mapajani ili afungue chupa. Hapo ndipo samaki alipochukua chambo.

Fimbo iliruka ubavuni mwa kayaki, ikatumbukia majini. Lastiki ikavutika, ikavutika, mkanda ukamzungusha kiuno, na kayaki ikalala upande. Maji yakaingia mapajani. Samaki akivuta, kayaki inainama. Akilegeza, inainuka kidogo. Chubwi aliiona fimbo chini ya maji, karibu kabisa. Angejinyoosha kidogo tu angeidaka.

"Kaa katikati, baba," mama alisema, kasia lake amelilaza juu ya maji upande wa pili.

"Fimbo, mama! Naiona!"

"Na mimi sijui kuogelea."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba apitishiwe chumvi. Chubwi alitazama kisogo chake, akatazama jaketi lake la kuelea, lililochakaa kuliko kitambaa cha kufutia mashine. Mkono ukaenda ubavuni wenyewe, ukashika mkasi. Kacha! Kayaki ikarudi sawa kwa kishindo, na fimbo ikateremka gizani na samaki wake.

Wakapiga kasia kurudi ufukweni. Mabega ya mama yalitikisika mara moja, na Chubwi hakuuliza kama ni kasia au ni kilio.

Shemeji alikuwa anasubiri kando ya pikapu, mikono mfukoni. "Fimbo ya baba iko wapi?"

Chubwi akafungua mdomo. Mama akamuwahi.

"Ilikuwa ni fimbo au mimi. Ulitaka arudi na nini?"

Shemeji akayaangalia magurudumu ya gari lake kama yameanza kuisha upepo.

"Kayaki usiipakie," mama akaendelea. "Inabaki kwa fundi. Na wewe fundi, vua hilo duka ulilovaa."

Chubwi alipiga magoti mchangani, akafungua kitu kimoja kimoja kiunoni na kukifunga kwenye kayaki, kwa vidole vilivyozoea sindano. Mama alivuta kila fundo.

"Legelege. Rudia."

Akarudia. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, shemeji asisikie, "Mama, miaka yote hii, kwa nini hukuniambia hujui kuogelea?"

"Ungenipeleka majini leo?"

"Nisingethubutu."

"Ndiyo hivyo," alisema mama, akamsogezea koleo.