Mizimu ya Ndizi Mbichi

Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu ana orodha. Ameichapa kwenye karatasi ya rangi ya chungwa, rangi ile ile anayotukataza, akaibandika kwenye mlango wa jiko la kanisa pale Takoma Park, Maryland. Maboga yanaruhusiwa. Maboga yenye macho hayaruhusiwi. Mtoto anaweza kuvaa kama Goliathi, na upanga wake, na damu ya lipstiki mpaka kifuani, ila asithubutu kuvaa kama paka. Peremende za dukani zinaruhusiwa, mradi zitolewe kwenye mfuko wenye picha ya popo na kumwagwa kwenye kapu lenye kitambaa cheupe. Nadhani kitambaa ndicho kinachozitakasa. Na siku yenyewe, tarehe thelathini na moja Oktoba, saa kumi na moja jioni, saa ile ile ambayo watoto wote wa mtaa wanatoka na vikapu vyao, sisi hatusherehekei Halloween. Sisi tuna Jioni ya Mavuno.

"Tumevuna nini?" aliuliza mume wangu, Lusekelo. "Mimi tangu nije Virginia sijapanda hata mchicha."

Mwenyekiti huyo anaitwa Lorraine, lakini sote tunamwita Mama Kibet. Ni Mkenya, nesi wa miaka mingi, na hata kanisani anatembea kama mtu anayekagua wodi. Simchukii. Mtu anayekuonea huruma hadharani huwezi kumchukia vizuri, unabaki tu na kiungulia.

Mwaka jana binti yangu Queen alikuwa na miaka sita. Tulipika visheti, mimi na yeye, sinia zima, akavinyunyizia sukari mwenyewe. Mama Kibet akavitazama, akauliza, "Aki Mama Queen, hizi ni nini? Mbona zinafanana na vidole?" Kisha kwa upole mwingi akalisukuma sinia chini ya meza, nyuma ya katoni za maji. Tulirudi nalo limejaa. Queen alilipakata kwenye barabara kuu ya Beltway yote mpaka nyumbani Falls Church, na tulipofika juu ya daraja akaniuliza kwa Kiingereza, "Mama, chakula chetu ni kibaya?"

Nikamwambia hapana.

"Sasa mbona hakuna aliyekula?"

Mimi nilisoma darasa la jioni miaka miwili, baada ya zamu ya kuhudumia wazee, somo la malezi ya watoto wadogo. Nina cheti. Nilikuwa nimefundishwa majibu ya maswali mengi, lakini hilo halikuwemo. Tangu siku ile Queen hakutaka tena nimfungie chakula cha nyumbani kwenda nacho shule. Mkate, jibini, basi. Chapati ikitokea kwenye mkebe wake, inarudi vile vile, imekunjwa kama barua ambayo haikufunguliwa.

Kwa hiyo mwaka huu, aliponijia jikoni na simu mkononi akisema anataka tupike kitu pamoja, sikuuliza ni kitu gani. Nilisema ndiyo kwanza.

Ilikuwa video. Mwanamke mmoja yuko ndani ya jiko jeupe kama chumba cha upasuaji, na watoto wawili wenye aprini safi ambao hawapigani. Anachukua ndizi mbivu. Anaimenya. Anaikata katikati. Anachomeka vipande viwili vidogo vya chokoleti, macho hayo, halafu anapiga ukelele wa furaha kama mtu aliyegundua umeme. Mzimu! Rahisi! Dakika tano! Hapakuwa na sufuria moja chafu. Sijui katika nyumba ile wanakula nini. Darasani tuliambiwa tusimcheke mtu anayejaribu kufundisha. Nilicheka.

"Tufanye hii," Queen akasema. "Ya Jioni ya Mavuno."

"Ina macho, mwanangu. Orodha ya Mama Kibet..."

"Ni ndizi, Mama."

Nikamtazama. Mwaka mzima hakuwa amesimama karibu yangu jikoni. Nikajisemea, liwalo na liwe, mwaka huu sinia hili litarudi tupu hata kama nitalila mwenyewe kwenye maegesho.

Jumamosi asubuhi, siku yenyewe, nikamtuma Lusekelo dukani, ndizi ishirini. Mume wangu ni mtu wa Rungwe, kwenye migomba. Akarudi na mkungu mzima umemlalia begani, kijani kibichi, mgumu kama mpini wa jembe, na uso wa mtu aliyefanya kazi nzuri.

"Baba Queen. Hizi ni za kupika."

"Ndiyo."

"Video inataka mbivu."

"Unapeleka ndizi mbivu kwa watu?" Alishtuka kweli. "Kwetu ndizi mbivu anapewa mtoto aliyelia njiani, anyamaze. Mgeni hapelekewi ndizi mbivu. Utasemwa."

"Tayari nasemwa."

"Basi usemwe kwa jambo la maana."

Queen akaigusa moja. Akajaribu kuimenya kwa kucha, kama kwenye video. Ikamcheka. Macho yake yakaanza kujaa maji, na saa zilikuwa zinakwenda, na Lusekelo alikuwa anaingia kazini uwanja wa ndege wa Dulles saa sita. Nikafunga kanga kiunoni.

"Rahisi, dakika tano, ni ya wazungu," nikamwambia. "Sisi tutafanya ngumu. Lete mafuta."

Ndizi mbichi hazimenywi hivi hivi. Zina utomvu, ukikugusa unashika weusi wa siku tatu. Unapaka mafuta mikononi kwanza. Nilimwambia Queen. Akasema mafuta yanateleza, hataki. Akamenya mikono mitupu, kwa kisu cha meza, ulimi nje, na zilipofika ndizi tano vidole vyake vilikuwa vyeusi kama vya fundi gereji. Sikumgombeza. Nilipata somo moja la maana katika ile miaka miwili: mtoto anayefurahi kujichafua usimkimbilie na kitambaa.

Tulimenya ishirini, tukazikata vipande viwili viwili, tukachemsha mpaka zikalainika, tukamwaga maji, tukatia tui zito, sukari na iliki. Tui lilipokauka likazishika ndizi, tukazigaragaza kwenye nazi kavu ya kukunwa. Zikatoka nyeupe, zina manyoya, zimepinda kidogo kama mtu anayekusikiliza. Arobaini. Yule mwanamke wa jiko jeupe angeziona angezima kamera yake.

Queen akachomeka macho wakati ndizi bado ni za moto. Chokoleti ikayeyuka, ikateremka. Mizimu mitatu ya kwanza ikawa inalia machozi meusi.

Lusekelo, ambaye tayari alikuwa amevaa koti la kazi, akaitazama. "Hii imeshapata habari za Mama Kibet," akasema, akala yote mitatu, akaondoka.

Tulisubiri zipoe, ndipo akamalizia macho. Zikabaki thelathini na saba. Queen akazipanga kwenye sinia lile lile la mwaka jana, zote zikitazama upande mmoja, akalifunika kwa taulo la jikoni, na njiani hakuliweka chini hata mara moja. Foleni ilitushika saa nzima. Nilimwona kwenye kioo akifunua taulo, anachungulia, anafunika.

Ukumbi wa kanisa ulikuwa umepambwa kwa mabua ya mahindi, yenye kibandiko cha bei bado. Wakulima wetu. Watoto walikuwa kama ishirini: Musa wawili, Esta wanne, Queen akiwemo, na Kibet, mtoto wa mwenyekiti, ambaye alikuwa Goliathi, kifua kizima lipstiki. Mama yake alisimama kwenye meza ya vyakula akiwa na kalamu. Kila sahani ilipita mbele yake kama mizigo uwanja wa ndege. Zilipita keki za dukani, na krimu ya zambarau ambayo hakuna shamba duniani limewahi kuivuna. Zilipita peremende, kwenye kapu lao takatifu.

"Mama Queen! Mmefika. Mme-park wapi? Haya, tuone." Akafunua taulo.

Mizimu thelathini na saba ikamtazama.

"Mama Queen," akasema, kwa ile sauti ya kumwambia mgonjwa kwamba atabaki kulazwa. "Hii ina macho."

"Ni ndizi, Mama Kibet."

"Si tulisema hatu-celebrate hiyo siku? Niliandika. Nilibandika mlangoni. Ndizi za Mungu hazina macho."

"Nanasi la Mungu lina macho mwili mzima," ikasema sauti nyuma yangu. Ilikuwa ya Honorata, mama mtu mzima wa Bukoba, anayeosha vyombo vya kanisa na asiyeogopa kamati yoyote. "Na bado unalikata kila Pasaka."

"Mama Honorata, tafadhali. Hii ni mambo ya kiroho." Mama Kibet akaniinamia, akapunguza sauti kwa namna ambayo ukumbi mzima unasikia. "Sikulaumu, dada. Ni kutokujua. Toa macho, ama toa sinia."

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo mengi, yamepangwa kama aya tulizofundishwa jioni: dai, ushahidi, hitimisho. Ningemwambia kwamba Goliathi wake pia ana macho, tena na damu. Lakini nilimwangalia Queen, na Queen hakuwa anamtazama Mama Kibet. Alikuwa anatazama chini ya meza, pale zilipokuwa katoni za maji. Vidole vyake vyeusi vilikuwa vimelishika sinia kama usukani.

Nikameza maneno yangu. Nikang'oa jicho moja. Ngoja niseme ukweli, lilikuwa kosa. Mzimu wenye chokoleti ulikuwa kama mtoto wa kondoo. Mzimu wenye shimo ulikuwa mzimu kweli. Mama Kibet akarudi nyuma hatua moja.

"Sasa umeifanya mbaya zaidi!"

"Wewe ndiye umetaka yatoke."

"Si hivyo! Yatoke kabisa, yasionekane!"

Queen akaweka sinia mezani. Akachukua ule mzimu wenye shimo, akaung'ata kichwa kizima, jicho na shimo pamoja. Akatafuna. Nazi ilimwagikia kwenye gauni lake la Esta. Akameza, akainyanyua nusu iliyobaki mbele ya uso wa mwenyekiti, na kwa Kiswahili, ambacho mwaka mzima hakuwahi kukisema mbele ya watu, akasema:

"Hii haina macho tena."

Honorata akaanza kutikisika mabega.

"Inaruhusiwa?" Queen akauliza. Kwa adabu. Aliuliza kweli, mtoto wangu, hakuwa anabeza. Kubeza ni kazi yangu.

Mama Kibet akafungua mdomo. Orodha ilikuwa yake, kaiandika mwenyewe, na hakuna mahali ilipokataza ndizi isiyo na kichwa. "Kama haina macho..." akaanza.

Hakumaliza. Goliathi alikuwa amefika. "Mami, naweza kukusaidia kutoa macho?" akasema Kibet, na kabla hajajibiwa alishachukua mzimu, akaukata kichwa kwa meno. Akasimama. Akatafuna polepole. Akaitazama ile nusu iliyobaki kama mtu aliyedanganywa maisha yake yote kuhusu ndizi. Akaila. Akachukua mwingine.

"Tangu lini Goliathi anakata vichwa?" Honorata akapiga makofi. "Daudi yuko wapi? Njooni muisaidie kamati, watoto!"

Wakaja. Musa wote wawili wakaja, na Esta, na katoto kadogo kalikovaa nyota ya Bethlehemu kubwa kiasi kwamba hakakuweza kukunja mikono, kakalishwa mzimu na dada yake. Wote walikuwa wanatii. Sijawahi kuona utii wa namna ile katika kanisa letu. "Natoa macho!" walikuwa wanapiga kelele, midomo imejaa nazi. "Mama Kibet, nimetoa macho!" Na Mama Kibet amesimama na kalamu yake, hana cha kuandika, kwa sababu kila kichwa kilichokatwa kilikuwa kinatimiza agizo lake neno kwa neno. Keki za krimu ya zambarau zilibaki zimekaa kwenye mstari wao, zikingoja mavuno mengine.

Queen hakula tena. Alisimama kando ya sinia, anahesabu kwa midomo.

Baadaye nililipeleka sinia jikoni kulisuuza. Ilikuwa imebaki nusu moja, mwili bila kichwa, ambayo katoto ka nyota kaliiacha. Mama Kibet akaingia, akajifanya anatafuta glasi. Akatazama mlango, ambao ulikuwa na orodha yake upande wa pili. Akaichukua ile nusu kwa vidole viwili, kama anavyoshika kipimajoto, akaila.

"Mlipika na nini?"

"Tui na iliki."

"Mm." Akalamba kidole. "Sukari imezidi."

"Mwakani nitapunguza," nikamjibu. Nilifurahi kumwachia ile. Ilikuwa haina kichwa, inafaa kabisa kwa kamati.

Giza lilikuwa limeingia tuliporudi. Kwenye Beltway taa nyekundu zilikuwa zimejipanga mpaka mwisho wa macho, hakuna anayekwenda. Queen alikuwa amelala, nilidhani. Sinia lilikuwa mapajani mwake, tupu, na vidole vyake vyeusi juu yake. Tulipofika juu ya daraja akaligonga mara moja, likalia kama kengele.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Jumatatu nifungie zile ndizi, niende nazo shule." Akafikiri kidogo. "Lakini usitoe macho. Kule shule hakuna mwenyekiti."