Mama Mkwe na Kidonge cha Sonona

Mwoka mikate alimheshimu mama mkwe wake mpaka kumwogopa. Lakini mkewe alishinda kazini, na kazi ya kuoka huisha asubuhi. Basi mama huyo alipovuja damu kwenye ubongo, akarudi kutoka hospitali mkono wa kushoto umelegea, uuguzi wa mchana ukamwangukia mkwe.

Mkono haukumtisha. Kilichomtisha ni ukimya. Mama aliyekuwa operata wa simu, aliyeweza kuunganisha watu wawili huku akimsengenya wa tatu, sasa alilala kaupa ukuta uso. Uji ulipoa, hakuugusa.

"Hii ni sonona," daktari alisema walipompeleka kliniki. "Huwapata wengi baada ya kuvuja damu kichwani. Dawa zipo."

Mwoka mikate akajikuna kisogo. "Nasikia dawa hizo zinaweza kumfanya avuje tena."

"Hofu hiyo ipo, na ndiyo tunayoitafiti. Tunawafuatilia wanaozitumia na wasiozitumia, tujue hatari ni kubwa kiasi gani. Jibu kamili bado. Nikisema hakuna hatari, nitakuwa nakudanganya. Ila kumwacha hivi, hali chakula wala hafanyi mazoezi, nako kuna hatari yake."

"Basi ngoja nishauriane na mke wangu."

"Kwani mgonjwa ni nani?"

Sauti ilitoka kwenye kiti cha magurudumu. Wote wawili wakageuka.

"Kichwa changu, huzuni yangu," mama alisema polepole. "Nipeni hicho kidonge. Presha mnipime mpaka mchoke. Na kwenye utafiti wenu niandikeni."

Dawa haikuleta miujiza. Wiki za mwanzo mama akikohoa tu, mkwe yuko mlangoni, roho juu. Kisha bakuli za uji zikaanza kurudi tupu. Mchana mmoja mama akamnyooshea kitana.

"Nichane. Binti yangu asinikute kichwa kama kichaka."

"Mama, mimi ni mkweo."

"Najua. Ningekuwa na mwingine hapa ningemwita huyo."

Akamchana, macho kayaelekeza dirishani kwa adabu.

"Baba, unachana au unakanda?"

Mwoka mikate akacheka mpaka kitana kikamponyoka. Mama naye nusu ya uso ikacheka, nusu ya pili ikajitahidi kuifuata.

Jioni mkewe aliporudi, aliutazama ule mstari wa nywele uliopinda, akauliza ni kazi ya nani. Wakwe wakatazamana, kila mmoja akajifanya hahusiki.