Unga Uliokunywa Wekundu

Kosa lilitokea Ijumaa asubuhi, na aliyelifanya ni Sindano mwenyewe, mpima damu ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa akiwasema wenzake kwa makosa madogo kuliko hilo. Jina la Sindano walimpa hao hao wenzake, kwa wembamba wake na kwa jinsi anavyomchoma mtu akimkuta amezembea.

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Unachukua damu, unaichanganya na kile unachotaka kukipima, unaizungusha kwenye mashine mpaka chembe zote zishuke chini, kisha unatazama maji yaliyobaki juu, kwa macho na kwa mashine ya kusomea rangi. Yakiwa meupe, chembe nyekundu zimekaa salama. Yakiwa mekundu, zimepasuka na kumwaga kilichomo. Pembeni unaweka tyubu mbili za kulinganishia, zisizotiwa kile kinachopimwa: moja ya maji ya chumvi, ambamo damu haidhuriki, na nyingine ya maji matupu, ambamo chembe hufura na kupasuka zote, haibaki hata moja.

Kilichokuwa kikipimwa ni unga wa dawa alioubuni Profesa. Punje zake ni ndogo mno, hata darubini ya pale maabara haizioni, na zilitengenezwa zipakwe kwenye bandeji ili damu ikizigusa tu igande. Na kweli iliganda. Damu iliyohitaji dakika sita ilishikana kwa sekunde arobaini, na siku ya kipimo cha kwanza maabara nzima ilipiga makofi, Sindano akiwamo. Maji ya juu nayo yalikuwa meupe. Chembe zilizopasuka ni asilimia mbili tu, alisoma yeye mwenyewe kwa sauti. Jumatatu bandeji zingeanza kuwekwa kwa wagonjwa sita wenye vidonda sugu, na kitanda namba moja kilikuwa cha mama yake.

Ilibaki kurudia kipimo mara ya mwisho na kusaini. Ijumaa hiyo, mawazo yakiwa kwenye mguu wa mama, Sindano akatia unga kwenye tyubu zote, hata ile ya maji matupu. Aligundua mashine iliposimama. Alikuwa anakwenda kuimwaga, huku akijitukana kimoyomoyo, alipoona maji yake ni meupe pe.

Akaketi. Damu ya humo ilikuwa imepasuka yote, hilo halina mjadala. Sasa wekundu wake umekwenda wapi? Akauchota unga uliotuama chini, akausuuza, akautandaza juu ya karatasi. Uliingia mweupe, umetoka mwekundu kama tofali. Ulikuwa umeunywa wekundu na kushuka nao, na mashine ya kusomea, ambayo husoma maji ya juu tu, ikaona mambo ni shwari. Akarudia mara tatu. Mara zote tatu ikawa vilevile. Roho ilimuuma, maana bandeji hii alikuwa akiitaka kuliko mtu yeyote pale ndani.

Alasiri aliingia kwa mkuu wa maabara na tyubu moja mkononi. Fomu ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Profesa, aliyemfundisha Sindano chuoni na ndiye aliyemtafutia mama yake nafasi, alikuwa akitabasamu mpaka magego.

"Sisaini," Sindano akasema.

"Husaini nini?" Mkuu akauliza.

"Damu hii nimeipasua mwenyewe kwa maji matupu. Yote. Kisha nikatia unga na kuizungusha. Haya, isomeni."

Mkuu akaitia kwenye mashine ya kusomea. Ikaandika asilimia mbili.

"Umechafua tyubu," Profesa akasema.

"Basi nimechafua mara nne. Hiyo ni ya nne."

"Kwani wewe unasema zinapasuka ngapi?"

"Sijui. Na wewe hujui, Profesa, hapo ndipo penye kunikera. Huenda ni mbili, huenda ni sitini. Na uchafu wa chembe zilizopasuka ukiingia mwilini, figo ndizo zitakazoubeba. Hao wagonjwa wenyewe wana sukari, figo zao zimeshachoka."

"Miaka saba, binti." Sauti ya Profesa ilikauka. "Miaka saba nahangaika na unga huu. Na mama yako je? Hivi unamfikiria hata kidogo?"

Hapo alimgusa pabaya. Machozi yalimlenga Sindano, akayazuia kwa hasira.

"Namfikiria. Na hata angekuwa mama wa mtu mwingine, nisingesaini."

Mkuu akawa mbogo. Jumatatu haisogezwi, alisema, msaidizi wa maabara yupo na ana mkono wa kusainia, na Sindano kuanzia wiki ijayo ashuke chini akapime mikojo.

"Afadhali," Sindano akajibu akiwa mlangoni. "Mkojo hauna profesa."

Msaidizi alisaini kabla ya saa kumi.

Nyumbani Sindano hakumficha mama kitu. Mama alisikiliza mguu ukiwa juu ya stuli, kisha akalipuka.

"Miaka miwili nanuka kidonda! Wajukuu wananikwepa! Leo mwanangu wa kumzaa ananifungia mlango!"

"Sijakufungia, mama. Ameshasaini mwingine."

"Basi nitakwenda. Na wewe ndiye utakayenipeleka."

Siku mbili nzima hawakusemezana.

Jumatatu Sindano hakushuka kwenye mikojo. Alisukuma kiti cha magurudumu cha mama mpaka wodini bila kuomba ruhusa ya mtu. Wagonjwa wengine watano walikuwa tayari vitandani. Nesi akampa mama fomu ya kukubali na kalamu. Mama akaishika kalamu, akamtazama Profesa aliyesimama kando ya nesi.

"Profesa, huyu binti yangu ni mkorofi. Nimemzaa, namjua, na mpaka sasa tumenuniana. Lakini anasema damu ikipasuka ndani ya unga wako, mashine yenu haioni. Ni uongo?"

Profesa alipenda kusifiwa, ila hakuwa mwongo. Alitazama sakafu.

"Si uongo, mama. Lakini..."

"Lakini utaniwekea ukishajua, si leo. Mguu ni wangu." Akamrudishia nesi fomu yake.

"Ukikataa, mama, nafasi anapewa mwingine," nesi akasema.

"Mwingine yupi?" akadakia mzee wa kitanda cha pili, aliyekuwa ameshasaini. "Hebu na yangu irudishe hapa kwanza."

Mkuu, aliyekuwa ameingia bila kusikika, akamnyooshea Sindano kidole. "Wewe! Toka nje. Sasa hivi."

Sindano akapiga hatua moja. Mama akamdaka mkono, akaung'ang'ania kwa nguvu ambazo hakuwa ameziona kwake tangu aanze kuugua.

"Haendi popote," mama akasema. "Waeleze, mwanangu. Waeleze kama ulivyonieleza mimi, na usimung'unye maneno."

Sindano akamgeuzia Mkuu mgongo, akavitazama vitanda vyote sita, akaanza kusema.